Mgeni Mwenye Kalamu

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bahasha ya mwisho imefika jana, fomu zote ishirini, na hazina hata tone la chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa madoa. Ulivyokuwa ukilalamika kwamba hakuna kitu kinachokaa mezani kwako bila kumwagiwa, nilidhani utafiti wangu wote utafika unanuka maziwa.

Sasa ninazo zote: za zile wiki mbili nilizokaa mwenyewe darasani kwako nikiandika, na za miezi mitatu uliyonijazia wewe baada ya mimi kurudi chuo kikuu. Kila siku, saa ya michezo: nani alitaka nini, nani alikuwa nacho, na wakamalizana vipi bila mtu mzima kuingilia. Ndiyo tasnifu yangu nzima hiyo, watoto wa miaka minne na mitano wakigombea kitu kimoja. Wenzangu wananitania. Mmoja anachunguza sera ya elimu ya nchi nzima, mimi nachunguza baiskeli moja ya magurudumu matatu.

Lakini sikiliza jambo lenyewe. Kile chuo kinachofundisha walimu wa chekechea kimeniandikia. Wananitaka niwe mkufunzi wao. Sharti ni moja tu: niwe nimeitetea tasnifu na kupita kabla mwezi wa sita haujaisha. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine, na mimi narudia mwaka. Barua hiyo nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kumsomea mama anayesafisha bweni letu, ambaye hata hatujawahi kusalimiana vizuri. Nina furaha mpaka najiona mjinga.

Miaka miwili ya uzamili, Shangazi, na sasa mwisho nauona. Nimeanza kuandika sura ya matokeo. Watoto wako wananishangaza. Kwa siku sabini na mbili wamegombana mara nne tu.

Wako akupendaye,
Msomi (jina umenipa mwenyewe, usinicheke nikilitumia)


13 Februari

Mwanangu Msomi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mbele ya darasa, na watoto wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Bi Kwanini, yule mtoto wa maswali, akauliza mkufunzi ni nini. Nikamwambia ni mwalimu wa walimu. Akauliza, na yeye anafundishwa na nani? Nikamwambia anywe maziwa yake.

Nimefurahi, wee. Baba yako alipita kunirudishia ngazi, nikamkalisha chini nikamsomea yote, pamoja na tarehe. Kaka yangu yule hajui kufurahi kwa sauti, unamjua. Aliitikia kwa kichwa, akasema sawa, akaondoka na ngazi aliyokuja kuirudisha. Hapo nikajua moyo wake umejaa.

Wewe ulianzia kwenye chumba hiki hiki, mwanangu, kiti cha dirishani, ukiwa huwezi hata kufunga kandambili zako. Leo unaenda kufundisha walimu. Mie sikumaliza hata sekondari. Nikilifikiria hilo nikiwa nasafisha ubao, nasimama kidogo, halafu naendelea.

Ila nikuulize kitu, kwa faida yangu tu. Hizo fomu, hao wakubwa wanazisoma moja moja au wanatazama jumla? Maana nyingine nimezijaza mkono umechoka. Na hizo mara nne, mie sioni kama ni jambo la kuliandikia sana. Ungeandika zaidi habari za michoro yao. Wanachora vizuri mno mwaka huu.

Mambo haya usinipigie simu. Simu mtu akikasirika anaikata. Barua haikatiki, na mie napenda kumaliza ninayoyasema.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimetoka kwa msimamizi wangu, yule profesa mfupi mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kumsaidia kuutafuta wa kusomea. Ameisoma sura ya matokeo. Akaniuliza watoto hawa ni malaika au ni wagonjwa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alizipanga fomu mezani, akawa anaweka kidole kwenye moja baada ya nyingine. Kila mahali mtoto mmoja anapomwachia mwenzake kitu, maneno ni yale yale: "Chukua wewe kwanza, mwenzangu, mimi nitasubiri." Mara sitini na tatu, Shangazi. Kwenye fomu zako na kwenye zangu pia, nilizoziandika kwa mkono wangu, nimekaa pale pale kwenye kona, na sikushtuka. Niliona tu watoto waliolelewa vizuri, nikajivunia. Profesa ana wajukuu wanne. Anasema hajawahi kumsikia hata mmoja wao akisema "mimi nitasubiri", hata kwa bahati mbaya.

Amekataa kuipeleka tasnifu kwa watahini mpaka nimweleze. Kama kilichoandikwa siyo kinachotokea, basi kazi yote inatupwa, na mimi nimebakiwa na miezi minne. Usiku silali vizuri, mchana sisomi vizuri.

Nakuuliza kwa heshima zote, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Maneno haya watoto waliyatoa wapi?

Msomi


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Bati la jikoni limeanza kuvuja. Fundi alikuja, akalitazama, akalisikitikia, akaenda zake. Mapacha wameng'oka meno siku moja, kila mmoja jino lake, na mama yao anasema sasa angalau ataweza kuwatofautisha kwa pengo. Jenerali amechagua askari wapya na kuwafukuza wote kabla ya saa ya chai. Yule mtoto hajatimiza miaka mitano na tayari ana sauti ya mkuu wa stesheni.

Kuhusu lile uliloniuliza, watoto wetu wana adabu. Hilo kila mtu analijua mtaani. Huenda wajukuu wa huyo profesa wako hawakupata mlezi. Mwambie aje ajionee mwenyewe, namkaribisha kwa mikono miwili. Ila aniarifu mapema ni siku gani.

Kula vizuri. Wewe ukiandika sana unasahau kula.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimejikuta nasoma habari za bati.

Kwa nini profesa akuarifu mapema?

Mimi siyo mkaguzi. Mimi ni mtoto wako. Niambie.

Msomi


20 Machi

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Karatasi tatu za kwanza nimewapa watoto wachoree. Isome ukiwa umekaa.

Niliwafundisha.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nisipoeleza leo sitaeleza tena. Mwaka wangu wa pili wa kazi, kabla hujazaliwa, alikuja mkaguzi kutoka ofisi ya elimu. Hakubisha hodi. Alikuta wawili wanavutana nywele kwa ajili ya mwanasesere, wa tatu anang'ata mkono wa wa nne, na mie nimebeba wa tano aliyejikojolea. Hakuuliza kitu. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika kwamba watoto hawa hawana malezi na mwalimu hana uwezo, na karatasi hiyo ikabandikwa kwenye mlango wangu, kila mzazi aisome. Muhula uliofuata nilibaki na watoto sita. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilijifungia kwenye stoo siku ilipobandikwa nikalia mpaka ufagio ukanionea huruma.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Akija mgeni mwenye kalamu, nagonga meza mara tatu kwa kifutio cha ubao. Watoto wanajua. Migongo inanyooka, sauti zinashuka, na mwenye kitu anamwachia asiye nacho, kwa maneno yale yale uliyoyakuta. Tunafanya mazoezi kila Ijumaa. Wao wanauita mchezo wa mgeni, na wanaupenda, usidhani nawatesa. Miaka karibu thelathini hakuna mkaguzi aliyeandika neno baya juu yangu.

Wewe ulipoingia siku ile ulikuwa na kalamu mfukoni. Mkono wangu uligonga meza kabla akili yangu haijakutambua, nawe ukadhani nakung'uta chaki. Nikasema kesho nitaacha. Kesho yake nikaona unavyoandika, uso umeng'aa, nikashindwa. Ulipoondoka ukaniachia fomu, nikaona zinakwenda kusomwa na watu wa chuo kikuu, nikasema watoto wangu hawatakwenda kuandikwa wabaya huko. Miezi mitatu nimegonga meza kila saa ya michezo. Wamechoka, maskini.

Na jambo moja zaidi, uelewe kwamba sikuanza na hao. Hata wewe ulifundishwa. Ulikuwa hodari kuliko wote. Mkaguzi alipokuja ulimwambia "chukua wewe kwanza, mwenzangu" na hakuna aliyekuwa amekuomba kitu.

Nimekuharibia. Najua. Nilitaka upite kwa heshima, na mie ndiye niliyekuzibia njia.

Shangazi yako


11 Aprili

Mwanangu,

Wiki tatu sasa. Nimemtuma baba yako akupigie, amerudi akasema umesema uko salama na una kazi nyingi. Kwa kaka yangu hayo ni mazungumzo marefu, kwa hiyo nimeshukuru.

Sikuombi unisamehe upesi. Nataka tu nijue kama unakula.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakula.

Nilikukasirikia. Nataka ulijue hilo, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kutonuna. Wiki ya kwanza sikuweza hata kuiangalia bahasha yako. Niliwaza kazi inapotea, mwaka unapotea, na aliyenipotezea ni mtu ambaye nikiulizwa nani amenilea namtaja yeye kabla ya wote. Niliandika barua mbili mbaya nikazichana. Naomba usije kuniuliza zilisemaje.

Wiki ya pili nilikuwa maktabani, msichana wa meza ya jirani akanyoosha mkono kuchukua rula yangu. Bila kufikiri nikamwambia, "Chukua wewe kwanza, mwenzangu." Nikashangaa mwenyewe. Miaka ishirini na mbili, Shangazi. Nimesoma vitabu vyote vya malezi vilivyo kwenye rafu zile, na kumbe bado nina kifutio chako kichwani. Nilicheka mpaka mlinzi wa maktaba akaja kusimama karibu. Hasira ikanitoka hapo hapo, na nilikuwa bado sijapanga kuiacha.

Nikaenda kwa profesa nikamweleza yote, habari ya mkaguzi na meza na mazoezi ya Ijumaa. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaniambia, "Kumbe utafiti ulikuwa umeupata, hukuuona tu." Swali siyo tena watoto wanagombana vipi. Swali ni mtoto anakuwaje akijua mtu mzima mwenye kalamu anamwangalia, na anakuwaje asipojali. Nusu ya jibu tunayo tayari, zile siku sabini na mbili. Nusu ya pili hatuna.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na la pili ni zito. La kwanza, wiki tano bila kugonga meza na bila mazoezi ya Ijumaa. Uwaambie watoto mchezo wa mgeni umekwisha, ukae, uandike kila kitu kama kilivyo. Usiingilie isipokuwa mtu anaumia. La pili, profesa anataka maelezo yako kwa maandishi, yenye sahihi yako, kwamba uliwafundisha na kwa nini. Yataambatanishwa nyuma ya tasnifu. Na nakala ya tasnifu hupelekwa ofisi ya elimu, Shangazi. Hilo sikufichi.

Ukikataa nitaelewa. Nitarudia mwaka, sitakufa.

Msomi


21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. La kwanza nimelikubali pale pale. La pili limenikalisha siku tano.

Nitakwambia kweli. Sina cheti, sina shahada, sina mume mwenye cheo. Nilicho nacho ni kwamba mtu akinitaja mtaa huu husema darasa la yule mama halina fujo. Sasa nikaandike mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba ule utulivu ulikuwa maigizo, halafu karatasi hiyo iende ofisi ile ile iliyonibandikia mlangoni. Niliogopa. Bado naogopa hadi leo asubuhi.

Nikasema, kama watasoma ofisini, basi wazazi wasisikie kwa mtu mwingine. Jana jioni niliwaita, tukakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yote masikioni. Nikawaeleza kila kitu. Kisha mama wa Mapacha akasema sasa ameelewa kwa nini wanawe wakimwona mtu wa mita ya umeme na daftari lake wanakaa chini na kunyoosha migongo. Wakacheka, na mimi nikacheka nalia. Hakuna aliyemtoa mtoto wake. Babu yake Bi Kwanini alisema angefurahi ule mchezo ungebaki, lakini kwa matumizi ya nyumbani tu.

Maelezo haya hapa. Makosa ya herufi usiyasahihishe, wayaone kama nilivyoyaandika.

"Kwa wanaohusika. Mimi ni mwalimu wa chekechea kwa miaka thelathini na moja. Niliwafundisha watoto kujifanya hawagombani kila alipokuja mtu wa kuwaandika, pamoja na mtafiti huyu, ambaye hakujua. Nilifanya hivyo kwa sababu niliwahi kuandikwa vibaya na nikaogopa. Watoto hawana kosa. Wao ni watoto wa kawaida na wanagombana sana."

Shangazi yako


4 Mei

Mwanangu,

Wiki ya kwanza hii, pokea. Fomu zako zina nafasi za magomvi matatu kwa siku. Nimezijaza nafasi hizo kabla ya chai, nikageuza nyuma ya karatasi, nikaongeza ya pili. Jumatatu peke yake ni magomvi kumi na saba.

Niliwaambia mchezo wa mgeni umekwisha. Jenerali akauliza kama umekwisha kabisa au umekwisha leo. Nikasema kabisa. Akatazama wenzake, wakatazamana, na baada ya hapo sijui nikwambie nini. Wamevunjiana minara ya matofali ya mbao. Pacha mmoja amemng'ata mwenzake na kisha akalia kwa uchungu kuliko aliyeng'atwa. Bi Kwanini amemwaga rangi kwenye kofia ya Jenerali, na alipoulizwa sababu akasema hata yeye anajiuliza.

Mie nakaa kwenye kona yako, mikono nimeikalia. Kweli, nimeikalia, maana nikiiacha inatafuta kifutio. Mara moja tu nimenyanyuka, Jumatano, mkasi ulipoingia kwenye mjadala.

Lakini nimeona jambo, na nimeliandika kwenye fomu ya Alhamisi ingawa hukuweka nafasi yake. Walipogombea baiskeli, nilihesabu pumzi zangu ili nisiingilie. Nilipofika arobaini walikuwa wameshapanga: mmoja anaendesha, mmoja anasukuma, mmoja anakata tiketi. Tiketi, mwanangu. Hakuna aliyewafundisha hilo. Miaka thelathini na moja nimekuwa naingilia nikifika pumzi ya tatu.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilifungua bahasha yako ofisini kwa profesa kwa sababu sikuweza kusubiri, nikamsomea ya mkasi, akafuta machozi kwa karatasi ya mtihani wa mtu. Anataka kujua tiketi zilikuwa za nini hasa na kama wenye tiketi walipanda. Ameuliza kama mtoto, akaona haya, akasema ni kwa ajili ya utafiti.

Naandika kuanzia asubuhi mpaka mkono unakataa, na sijawahi kupenda kazi yangu hivi. Kabla ya hapa nilikuwa naandika mambo mazuri kuhusu watoto. Sasa naandika kuhusu watoto wenyewe. Watahini wamepanga tarehe ishirini na tano Juni. Tukiwahi, tumewahi kwa siku tano.

Pumzika Jumapili. Usijaze fomu yoyote Jumapili.

Msomi


30 Mei

Mwanangu,

Utanisamehe mwandiko, nimetoka kulia na bado sijamaliza vizuri.

Unamkumbuka yule msichana mdogo wa mkeka wa mwisho, ambaye wenzake wanamwita Kimya? Huu ni mwaka wake wa pili kwangu. Hajawahi kutamka neno darasani. Mama yake anasema nyumbani anaongea mpaka anaombwa apumzike. Mie nilikuwa namsifu. Wageni wakija namweka mbele, kwa sababu katika mchezo wa mgeni hakuna aliyekuwa mtulivu kuliko yeye. Nilikuwa nawaambia wengine, tazameni mwenzenu.

Jana zamu ya baiskeli ilikuwa yake. Jenerali akapanda kabla yake, kama kawaida ya majenerali. Mie nimekaa, nimeikalia mikono, roho inaniuma. Kimya akaenda akashika gurudumu la nyuma, akalishika kwa mikono miwili. Akasema, "Shuka. Zamu yangu."

Darasa zima liligeuka. Jenerali alishuka, mwanangu, siyo kwa sababu alitaka, ni kwa mshangao. Yule mtoto akapanda akazunguka uwanja mara saba, na mizunguko yote saba anaongea. Anaeleza anakokwenda, anakopita, nani apishe. Sauti nene hiyo, wala usingeitegemea.

Nilikwenda stoo. Nililia kwa furaha, na nililia pia kwa sababu nimejua kitu ambacho sitaki kukijua lakini nimekijua. Nilikuwa namsifu mtoto kwa ukimya ambao mie mwenyewe nilimsaidia kuushona. Yeye siku zote alikuwa na la kusema. Alikuwa anangoja pawe na mahali pa kulisemea. Mama yake alipokuja kumchukua nilimwomba radhi. Hakuelewa naomba radhi ya nini, kwa kuwa alikuwa akimsikia mwanawe anamwambia Jenerali kwaheri.

Andika hilo. Weka na mimi ndani, usinifiche.

Nakutumia fomu za mwisho. Nenda kawaambie.

Shangazi yako


26 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepita. Neno hili nimelitanguliza ili usome yaliyobaki kwa raha.

Watahini walikuwa watatu. Wawili waliuliza yale tuliyoyategemea, idadi, mbinu, kwa nini darasa moja tu, kwa nini la ndugu yangu. Niliwasomea maelezo yako, yote, mpaka "wanagombana sana". Mtahini wa tatu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliomba nimsomee tena ile sehemu ya kuogopa. Nikamsomea. Akasema amefundisha miaka mingi na hajawahi kuona mwalimu akiandika sentensi ile na kuitia sahihi. Nilikuona umesimama hapo mbele yao na vumbi lako la chaki, na nilijivunia.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Mtoto akimng'ata mwenzake mbele yako, utafanya nini? Nikamjibu vizuri sana, kwa fomu zako: nani alilia, nani alienda kuleta kitambaa, muda gani wa kungoja. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo ameyafanya shangazi yako. Wewe umeshawahi?"

Ningeweza kujitetea. Nilikuwa na maneno tayari. Nikasema hapana. Nilisema nimekaa na watoto wiki mbili tu, na wiki hizo mbili walikuwa wananiigizia. Akaandika kitu, wenzake wakaandika, wakanitoa nje. Dakika kumi na moja nimesimama kwenye ukumbi nikihesabu vigae. Waliponiita walinipa mikono. Nimepita kwa masahihisho madogo. Profesa alinikumbatia huku anatafuta miwani yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Sasa jambo la chuo. Leo asubuhi nimekwenda kuwaona, cheti cha kupita mkononi, siku nne kabla ya mwisho. Mkuu wa chuo alikuwa ameshatoa mkataba kwenye faili. Nikamwambia kazi naitaka kuliko kitu chochote, lakini siwezi kusimama mbele ya walimu wa chekechea nikawafundisha jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwomba mwaka mmoja. Aliifunga kalamu yake, akafikiri, akasema walimu wake wamekuwa wakilalamika miaka yote kwamba wakufunzi hawajui darasa lilivyo. Wananingoja, Shangazi. Mwaka mmoja, na ameniandikia.

Kwa hiyo naomba kazi. Naomba rasmi. Nina shahada mbili, afya njema, najua kufunga kandambili. Sina uzoefu wowote. Nitakaa kona yoyote utakayonipa, na kalamu nitaiacha nyumbani.

Mwanao,
Msomi


3 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Barua nimeisoma nikiwa mlangoni, mwenye kuleta akiwa bado hajaondoka, na nimemshika mkono mpaka akaogopa. Baba yako nimemsomea jikoni. Safari hii alisema kitu. Alisema, "Huyo ni mtoto wangu," akatoka kwenda kuliziba bati linalovuja, mwenyewe, bila kuombwa.

Ombi lako la kazi nimelipitia kama inavyotakiwa. Shahada mbili siyo tatizo, tutazizoea. Kutokuwa na uzoefu kunatibika kuanzia saa mbili kasorobo. Utavaa nguo usizozipenda. Ukitapikiwa, hutaenda maktaba kutafuta sababu. Siku ya kwanza utalia, na stoo iko mkono wa kulia, ufagio ni mwelewa. Na usinihurumie kwa sababu nimezeeka, mie bado nakimbia.

Ofisi ya elimu wameniandikia pia. Niliiweka bahasha juu ya kabati siku mbili bila kuifungua. Wanataka kuleta walimu wachanga waje wakae darasani kwangu watazame. Nimewajibu waje siku yoyote, na wasiniarifu.

Nimefurahi mwanangu. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Nilidhani nitastaafu na jina zuri, sasa nitafanya kazi na wewe.

Watoto nimewaambia kuna mwalimu mpya anaanza Jumatatu. Bi Kwanini ameniuliza ukiingia waseme nini. Nimewaambia waseme wanachotaka.

Shangazi yako